Naombeni ushauri: nimepewa ukuta wa kanisa nichore, natamani nichore miombo ya kwetu

Brashi wa Urambo (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na msio wa imani hii, habari zenu.

Mimi ni mchoraji wa mabango, naishi wilayani Urambo, Tabora. Ushirika wetu umemaliza kupiga plasta ukuta wa nyuma ya madhabahu, na wazee wa kanisa wamenikabidhi mimi kazi ya kuuchora. Wanataka uwe tayari kabla ya Krismasi.

Kamati imenipa kalenda yenye picha ya Mchungaji Mwema: kondoo weupe pe, nyasi mbichi, kijito, na kwa mbali milima yenye theluji. Wanasema niihamishe ukutani kama ilivyo. Ni picha nzuri, sina neno nayo. Lakini kila asubuhi napita njia ya msituni, na mitundu na miyombo, miti ya msitu wetu wa miombo, imeshaanza kuchipua. Watu wa Tabora na Katavi mnajua ninachosema. Chini ardhi imekauka na majani yameungua moto, bado majivu. Mvua iko mbali. Juu, msitu mzima umevaa shaba, waridi na wekundu wa divai, hakuna jani hata moja la kijani. Hakuna aliyeumwagilia. Mara ya kwanza kuuona mwaka huu nilisimamisha baiskeli nikaomba pale pale barabarani. Nataka ukuta ule uwe msitu huo, na Kristo akipita chini yake.

Kuna mambo yananizuia. Mzee mmoja ninayemheshimu sana kaniambia miti mikubwa nyuma ya madhabahu itawarudisha watu kwenye matambiko waliyoyaacha. Neno lake limeniingia. Tena nahofia kulazimisha mambo: unaona jani, unalibandika mstari wa Biblia, basi umemaliza. Mtu anautazamaje uumbaji mpaka umfundishe, badala ya yeye kuupachikia mahubiri aliyokwisha kuyaandaa nyumbani?

Wachoraji, waimbaji, watumishi, watu wa misitu, nisaidieni. Nawasilisha.

Mama Kwaya Kigoma

Amina, mtumishi. Nakujibu kama mtunzi wa nyimbo za kwaya, picha siziwezi.

Mimi nikitaka kutunga kuhusu ziwa, naanza kwa wavuvi. Kwaya yetu ina wavuvi wa dagaa watatu kwenye besi. Hao ndio walionieleza kwamba mbaamwezi ndiyo likizo yao. Dagaa wanafuata taa, na mwezi ukishaangaza ziwa zima taa haina nguvu tena, kwa hiyo wanafanya kazi usiku wa giza totoro, wakati sisi wa nchi kavu tumelala. Ukilijua hilo, ile habari ya Petro kufanya kazi usiku kucha bila kupata kitu unaisoma kwa mwili wako. Wimbo ulikuja wenyewe, wala sikuhangaika kutafuta fundisho.

Kwa hiyo ushauri wangu: kabla ya kushika brashi, kakae na warina asali. Wao wanaijua mitundu kuliko mimi na wewe. Waulize mti unanukaje wakati huu, nyuki wanaanza kurudi lini, mzinga wanautundika upande gani na kwa nini. Ukipata jambo moja ambalo hukulijua, hapo kuna picha.

Mwinjilisti wa Mtaa

Ndugu, mzee wako usimpite. Anaogopa jambo la kweli. Manabii waliwakemea Israeli kwa yale waliyoyafanya chini ya kila mti wenye majani mabichi, na Paulo katika Warumi 1 anawaeleza watu walioacha kumwabudu Muumba wakakiabudu kiumbe. Usimjibu kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Nenda kwake, kaa naye, muulize ni mti gani anaoukumbuka na kilifanyika nini pale. Msikilize mpaka amalize. Huenda hicho ndicho anachotaka, asikike.

Halafu msomee Mathayo 24. Bwana Yesu anawaambia wanafunzi wajifunze mfano kwa mtini: tawi linapokuwa laini na kuchanua majani, wanajua majira yamekaribia. Huo ni mti unaochipua, na aliyeufanya kuwa somo ni Bwana mwenyewe. Miombo yako inafanya kazi hiyo hiyo kwa watu wa Urambo. Bibi zetu wakiona msitu umekuwa mwekundu wanaanza kutengeneza majembe.

Tofauti ya tambiko na fundisho iko hapa: kwenye tambiko mti unapewa kitu. Kwenye picha yako mti usipewe kitu. Macho ya mtu anayeingia mlangoni yafike kwa Kristo kwanza, miti imzunguke. Na wachore watu wakiwa kazini, mwanamke na kuni zake, kijana na mzinga. Mahali pa kazi hapageuki mahali pa mizimu kirahisi.

Hilo la kulazimisha nakuunga mkono kwa nguvu zote. Wahubiri tunapenda kila mdudu atoe fundisho. Soma Ayubu sura ya 38 na kuendelea. Mungu anamwonyesha Ayubu mvua inayonyesha nyikani pasipokaa mtu, mbuni anayeacha mayai yake mchangani, punda mwitu asiyemtumikia mtu. Hamwambii kila mmoja ana maana gani. Anamwonyesha tu, na Ayubu anajua yeye ni nani mbele za Mungu. Baadhi ya vitu viache viwe hivyo.

Mwalimu wa Baiolojia

Mleta mada, naomba nirekebishe sehemu moja kwa upendo, maana itabadilisha picha yako. Umesema hakuna aliyeumwagilia msitu. Umemwagiliwa.

Miti ya miombo huchipua wiki kadhaa kabla ya mvua kwa sababu mizizi yake inakwenda chini sana, na shina lenyewe limeweka akiba ya maji. Majani unayoyaona leo yametoka kwenye mvua za msimu uliopita. Mti haubahatishi. Unaishi kwa kile ulichopokea na kukitunza wakati sisi juu tunaona vumbi tupu. Mhubiri akisema "mti unaamini bila kuwa na kitu" atakuwa anasema uongo juu ya mti, na kwa maoni yangu juu ya imani pia. Israeli jangwani waliambiwa wakumbuke njia yote waliyoongozwa. Kukumbuka ndiyo maji ya chini.

Wekundu nao una kazi. Jani changa bado halina klorofili, yaani rangi ya kijani ya mmea, ya kutosha, na rangi nyekundu iitwayo anthosianini inatajwa na wataalamu wengi kuwa kinga ya jani laini dhidi ya jua kali. Jani linavyokomaa wekundu unafifia, linapita rangi ya shaba, kisha kijani chepesi, kisha kijani kizito. Ukichuma tawi moja utaziona rangi hizo zote kwa pamoja: ncha ni nyekundu na inalegea kama kitambaa kilicholowa, chini yake majani yameshaanza kukaza.

Kitu kingine kisichoonekana: mizizi ya mitundu na miyombo inaishi pamoja na kuvu ardhini. Kuvu wanausaidia mti kupata madini kwenye udongo wetu hafifu, mti unawapa sukari. Mvua zikifika, baadhi ya uyoga ambao akina mama wanauokota na kuuuza barabarani ni kuvu hao hao wamejitokeza juu. Ukipenda, chini ya ukuta wako acha kipande cha ardhi kilichokatwa, watu waone mizizi.

Rangi za Nyumbani

Mkuu, wazo lako si geni na usione aibu kulitetea mbele ya kamati. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, alichora kuta za kanisa la Anglikana Murang'a, Kenya, miaka ya 1950. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba. Yote aliyaweka kwenye milima na mashamba ya Wakikuyu, na Kristo ni Mwafrika. Kanisa lile lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau, kwa hiyo watu waliokuwa wakikaa mbele ya picha zile walikuwa na makaburi mapya. Njau ndiye anayejulikana kwa kusema kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Peleka habari hiyo kwenye kikao.

Sasa ufundi. Chora kutoka kwenye tawi, usichore kutoka kwenye simu. Kamera za simu zinaongeza wekundu na utapata rangi ya soda. Chukua tawi, liweke kwenye ndoo ya maji pembeni ya ukuta, changanya rangi ukilitazama. Wekundu wa miombo una udongo ndani yake, anza na rangi ya udongo mwekundu halafu pandisha polepole. Na usipake msitu wote wekundu mmoja, kila mti una siku zake, jirani wawili hawafanani.

Plasta iache ikauke kabisa. Ukuta ukiwa bado na unyevu utatoa chumvi na rangi itabanduka kuanzia chini, hasa upande unaopigwa na mvua. Tumia rangi ya maji, ya mafuta itang'aa na watu wa pembeni hawataona kitu.

Shemasi Mstaafu

Nitapingana kidogo na wenzangu. Ile picha ya kalenda msiidharau. Wako wajane waliokaa nayo chumbani miaka mingi, wameomba mbele yake, wamefarijiwa. Ukiingia kikaoni na kuiita ya kigeni, umewajeruhi bure.

Lakini Zaburi ya 23 yenyewe ni zaburi ya nchi kavu. Daudi alichunga Yuda, kwenye mawe na jua, na malisho mabichi huko mchungaji anayatafuta na kuyafikia kwa kutembea. Nyasi zikiwa mbichi kila mahali, mchungaji ana kazi gani? Kwa hiyo wape kamati kondoo wao na kijito chao, ila kijito kipite kwenye ukavu wa Urambo, na ukijani uwe pale maji yalipo tu. Wafugaji wetu wataelewa mara moja.

Mwalimu wa Baiolojia

Shemasi umenigusa. Basi kandokando ya kijito hicho aweke mkuyu. Ni mti ule ule wa Zakayo, spishi ile ile, inaota Palestina, Misri na kwenye mito yetu hapa. Amosi anajiita mtunza mikuyu. Kule matunda yalikuwa yanachanjwa kwa mkono ili yaive, moja moja, kwa sababu nyigu mdogo anayeuchavusha mkuyu hayupo. Kwetu yupo. Anaingia kwenye tunda kwa tundu dogo sana, mbawa zinakatika njiani, anataga ndani na kufia humo. Kazi ya Amosi huku inafanywa na mdudu asiyezidi punje ya mtama. Sisemi ana maana gani, kwa heshima ya onyo la Mwinjilisti. Namweka mezani kama alivyo.

Brashi wa Urambo (mleta mada)

Mbarikiwe sana. Nimesoma yote, mengine nimeyasoma mara mbili.

Mwalimu, hilo la mvua za msimu uliopita limegeuza kazi nzima. Nilikuwa nakusudia kuchora muujiza unaotokea juu ya ardhi tupu. Sasa nitakata ardhi chini ya ukuta nionyeshe mizizi na maji, ikae usawa wa macho ya watoto wa Sunday school maana wao hukaa mbele. Mzinga utakuwa juu ya mtundu wa kushoto, na mrina amepanda. Mchungaji Mwema atakuwa katikati akiwaongoza kondoo kuteremka kwenye kijito, mkuyu ng'ambo. Milima ya theluji nitaiomba kamati iniachie niiondoe, kwa maneno ya Shemasi.

Majani hayanisubiri, tayari mitundu ya karibu na barabara imeanza ukijani. Kwa hiyo nimeanza na vipande vya hadibodi, nachanganya rangi za kila tawi na kuandika nyuma yake nilichanganya nini, ili ukuta ukishakauka niwe nazo. Kwa mzee nakwenda Jumamosi, mkono mtupu, bila mchoro. Kikao cha kamati ni Jumapili baada ya ibada, hapo ndipo nitapeleka hadibodi moja yenye picha nzima.

Mwinjilisti, kama una nafasi nitumie ujumbe wa faragha. Ningependa kujua hapo kwenye Ayubu 38 ungeanzia mstari upi kumsomea mtu mzima asiyependa kusomewa.