Wanaume wa Methodisti, Eastlands: wiki ya paa na tezi dume

*JUMATATU*

Katibu: Bwana asifiwe wanaume. Yaliyoamuliwa jana baada ya ibada: Jumamosi tunarudia paa la darasa la Shule ya Jumapili, saa mbili asubuhi, na nikisema saa mbili simaanishi saa nne. Siku hiyo hiyo Baba Zawadi analeta wenzake wa hospitali kutupima sukari, presha na tezi dume. Ijumaa jioni ni mazoezi ya nyimbo za Jumapili ya Wanaume. Besi mjitokeze. Mara ya mwisho tulikuwa na teno wamejaa benchi mbili na besi mmoja anakohoa.

Kijana wa Besi: Anayekohoa ni mimi 😂 ilikuwa vumbi ya Outering

Katibu: La mwisho, orodha ya michango hii hapa chini. Walio kwa rangi nyekundu wanajijua.

Mweka Hazina: Asante Katibu. Wa nyekundu, nambari ya M-Pesa ni ile ile. Mia mbili kwa mwezi si pesa ya kumfanya mtu auze ng'ombe.

Baba Mwende: Mimi nyekundu kwa nini? Nilituma tarehe tano!

Mweka Hazina: Ulitumia nani?

Baba Mwende: Ngoja nicheki

Baba Mwende: Nimetumia mama mboga wa Mutindwa 🤦🏾

Kijana wa Besi: Mama mboga amebarikiwa

Mwenyekiti: Tuwe na adabu. Kuhusu paa, mbao za tatu kwa mbili nitachukua Gikomba Alhamisi. Mabati tayari yako kwa ofisi ya mchungaji. Nani ana ngazi ndefu?

*Baba Makena ameondoka*

Baba Nkirote: Mimi nina ngazi lakini ni ya kubadilisha balbu

Mwenyekiti: Hiyo itatufikisha kwa dirisha.

*JUMANNE*

Baba Zawadi: Habari za asubuhi. Kwa ajili ya Jumamosi nahitaji majina mapema ili tubebe vifaa vya kutosha. Anayetaka kupimwa tezi dume aandike jina hapa.

Baba Zawadi: Naona mmesoma wengi.

Baba Zawadi: Haya basi. Niulizeni.

Baba Nkirote: Ni kile kidole?

Baba Zawadi: 😂 Nilijua. Jumamosi ni damu tu, kipimo kinaitwa PSA. Ni protini inayotengenezwa na tezi yenyewe, ikizidi kwa damu tunataka kujua sababu. Kuzidi si lazima iwe saratani. Umri unaipandisha, maambukizi ya njia ya mkojo pia, na tezi iliyovimba tu bila ubaya. Ikitoka juu, daktari ndiye ataamua mambo ya kidole, na si mbele ya kwaya.

Baba Mwende: Ni wa miaka mingapi?

Baba Zawadi: Kuanzia hamsini. Lakini sisi weusi hatari yetu iko juu, kwa hivyo wengi wetu heri tuanze kuiongea kwenye arobaini na tano. Na kama baba yako au ndugu yako wa tumbo moja aliugua, usingoje hata hiyo. Kingine, siku mbili kabla ya kupimwa hakuna baiskeli, na hakuna yale mambo ya chumbani. Vyote viwili vinaweza kupandisha hiyo namba bure.

Baba Nkirote: Mimi kila siku ni baiskeli hadi Industrial Area

Baba Zawadi: Alhamisi na Ijumaa panda matatu.

Baba Mwende: Na hilo jambo lingine?

Baba Zawadi: Hilo halina matatu.

Kijana wa Besi: 💀💀💀

Mwenyekiti: Hiki ni kikundi cha kanisa.

Mzee wa Ribe: Wanangu, salaam. Nimesoma kuanzia jana. Mmenena ngazi, mmenena mbao, mmecheka. Baba Makena katoka humu jana usiku, na sijaona hata mmoja aliyeuliza kulikoni.

Katibu: Shikamoo Mzee. Watu hutoka na kurudi. Labda simu imejaa.

Mzee wa Ribe: Marahaba. Labda. Au labda kaona jina lake kwa rangi nyekundu, mbele ya vijana aliowafundisha kuimba.

Katibu: Mzee kwa heshima, orodha ni uwazi. Mwaka jana mlisema hamjui pesa inaenda wapi. Sasa mnajua, na bado ni makosa?

Mweka Hazina: Mimi niko na Katibu hapa. Baba Nkirote alipofiwa, basi la kutupeleka Maua lilitoka wapi? Si hizo mia mbili? Na walioketi viti vya mbele kwa hilo basi ni wale ambao hawajawahi kutuma kitu. Niliwaona, nikanyamaza.

Baba Nkirote: Ni kweli basi lilikuja. Nashukuru hadi leo. Lakini mimi sikuwa nahesabu nani ameketi wapi.

Mzee wa Ribe: Basi mnivumilie, mjukuu ndiye anayeandika nami nasema. Mwajua haya madarasa yetu, hivi vikundi vidogo vya waumini, yalianzaje? Hayakuanza kwa mahubiri. Yalianza kwa deni. Bristol, Uingereza, mwaka 1742. Watu wa John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, walikuwa na nyumba ya kukutania na deni la ujenzi juu yake. Wakaketi kuulizana watalilipaje. Nahodha mmoja wa meli, akiitwa Foy, akasema kila mtu atoe peni moja kwa juma hadi deni liishe. Mwingine akapinga: wengi wetu ni maskini, hawana hiyo peni. Foy akajibu, basi nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kabisa. Mwenye nacho atatoa, asiye nacho nitamtolea mimi.

Mzee wa Ribe: Wakagawana hivyo, kumi na wawili kumi na wawili, kila kundi na mtu wake wa kulizungukia kila juma. Huyo alipobisha hodi kutafuta peni ndipo alipoona mengine. Huyu hali yake ya nyumbani ni mbaya, huyu mwenendo wake hauridhishi. Wakampelekea Wesley habari, naye akaona hii ndiyo njia ya kuwachunga watu ambayo alikuwa akiitafuta muda mrefu. Peni ilikuwa kisababu cha kubisha hodi.

Kijana wa Besi: Hii mimi sikuijua. Nilifikiri darasa ni ya kufundishwa

Katibu: Kwa hivyo hata wao walikuwa wanakusanya pesa. Hiyo ndiyo kazi yangu, Mzee.

Mzee wa Ribe: Ndiyo. Wao walikwenda kwa miguu.

Katibu: Mzee, mimi natoka kazini saa kumi na mbili, nafika Pipeline saa mbili usiku na Jogoo Road imefunga. Nikianza kuzunguka Kayole kubisha hodi nitalala kwa nani? Bristol ya wakati huo haikuwa na foleni.

Baba Mwende: Hapo Katibu ana pointi 😅

Mzee wa Ribe: Sikusema wewe peke yako. Foy alichukua kumi na mmoja tu, hakuchukua mji.

Mwenyekiti: Hili tulifikirie vizuri. Kwa sasa, nani anakaa karibu na Baba Makena?

Baba Mwende: Mimi. Stage mbili. Nitapita kesho jioni.

Mzee wa Ribe: Nipitie mimi kwanza, twende wote.

*JUMATANO*

Mweka Hazina: Wakati tunangoja Baba Mwende, nimekaa na kitabu. Swali kwa Mzee: huyo Wesley aliwahi kuwakopesha watu? Maana kuna wazo la kuanza mikopo midogo na mimi linanitia baridi. Chama nilichokuwa nacho zamani kiliuawa na mkopo mmoja wa shemeji.

Mzee wa Ribe: Aliwakopesha. Mwaka 1746, London, alipita kwa marafiki akichangisha, akapata mtaji mdogo. Mtu akapewa mkopo usiozidi shilingi ishirini, arudishe ndani ya miezi mitatu. Mwaka huo huo akaanza kuwapa maskini dawa bure.

Mweka Hazina: Miezi mitatu naielewa. Na kiasi kidogo. Hapo ndipo wengi huharibu, mtu wa kwanza anapewa yote.

Mwenyekiti: Mzee leo ametuzidi. Ni lazima tukubali watu wa Pwani walitutangulia.

Mzee wa Ribe: Mmisionari Wakefield alifika kwetu Ribe, Pwani, 1862. Meru mlikuja kuamshwa zaidi ya miaka arobaini na tano baadaye.

Mwenyekiti: Tulichelewa kuamka, lakini hatukulala tena. Hospitali ya Maua iko wapi kama si Meru? Na KeMU, chuo kikuu chetu, ilianzia wapi? 😄

Mzee wa Ribe: Mtoto wa mwisho hupewa nyama nyingi.

Baba Mwende: Tumetoka kwa Baba Makena sasa hivi. Niko kwa matatu, nitaandika polepole.

Baba Mwende: Kazi ya godown iliisha. Kampuni ilipunguza watu na yeye ni mmoja wao. Mtoto wa pili yuko Form Three. Jumatatu aliuza simu. Alijitoa kwa vikundi vyote kwanza ili aliyeinunua asisome mambo ya watu. Sasa ana kabambe, simu ya vitufe tu.

Katibu: Pole sana kwake. Kwa hivyo hakutoka kwa sababu ya orodha.

Baba Mwende: Hakuiona kabisa.

Katibu: Sawa. Nilitaka tu ijulikane.

Baba Mwende: Lakini Katibu, tulipofika mlangoni kitu cha kwanza aliuliza, kabla hata hajatukaribisha kuketi, ni anadaiwa miezi mingapi. Alidhani ndiyo tumefuata.

Baba Nkirote: Haki.

Mwenyekiti: Mlimwambia nini?

Baba Mwende: Mzee alimwambia tumefuata chai. Tukapewa chai. Ikawa sawa.

Mzee wa Ribe: Chai ilikuwa ya rangi. Mliokaa karibu naye mtumie akili.

Mweka Hazina: Nimeelewa. Kesho Mama wa nyumba yangu atapita huko na kitu, bila barua.

Baba Mwende: Jambo lingine, hili ni la Jumamosi. Mnajua huyu mtu alikuwa fundi wa mabati kabla ya godown? Nimemweleza paa linavuja wapi, akauliza misumari ilipigwa wapi. Nikamwonyesha picha. Akacheka hadi akakohoa. Tulipiga kwa bonde la bati badala ya mgongo! Maji yote hupita bondeni, kwa hivyo kila msumari ni bomba. Inapigwa mgongoni, na raba chini ya kichwa cha msumari.

Kijana wa Besi: Paa la mwisho si lilipigwa na shemeji wa Katibu

Katibu: Shemeji alisaidia. Mafundi tulikuwa wengi.

Baba Mwende: Pia anasema tuanze kulaza mabati upande ambao upepo wa mvua hautokei, ili mwingiliano wa bati usiangalie upepo. Na tusinunue sealant ya kupaka juu juu, ni pesa tumetupa.

Mwenyekiti: Atakuja?

Baba Mwende: Anakuja. Na ngazi ndefu anayo yeye. Shida ni kuileta, matatu haiwezi kuibeba.

Kijana wa Besi: Nitakuja na rafiki yangu wa mkokoteni. Saa kumi na mbili tuko kwake

*ALHAMISI*

Mwenyekiti: Wanaume, nimeongea na mchungaji pia. Tutajaribu hivi kwa robo mwaka hii. Kayole na Mzee, Umoja na Baba Mwende, Donholm na Mweka Hazina, Pipeline na Katibu. Kila mmoja ana watu wasiozidi kumi na wawili, na anawafikia, kwa mguu au kwa simu. Mwenye shida ya mchango anaongea na huyo mtu wake, si hapa. Kitabu cha Mweka Hazina kinabaki na kitaletwa kwa kikao kama kawaida.

Katibu: Nimefuta orodha. Sijasema nilikosea, nimesema nimefuta.

Mzee wa Ribe: 👍🏾

Katibu: Na watu wangu wa Pipeline niko nao saba, wawili siwajui sura. Mwenye namba zao anitumie pembeni.

Mweka Hazina: Wasio na simu ya kupokea haya, kama Baba Makena, nani anawapigia?

Baba Mwende: Yeye ni wangu, nitampigia. Tayari ameniuliza kuhusu mazoezi ya kesho, huyo ni besi wa zamani.

Kijana wa Besi: Hatimaye nitakohoa kwa amani

*IJUMAA*

Baba Zawadi: Majina ya kupimwa ninayo kumi na moja. Mzee alisema ameshafanya mwaka huu, ako sawa. Baba Nkirote, baiskeli?

Baba Nkirote: Nimepanda matatu siku mbili. Nimetumia nauli kama tajiri

Baba Mwende: Mama Mwende amesoma yale masharti kwa simu yangu. Anauliza kama yanaweza kuongezwa wiki nyingine 😂

Mwenyekiti: Nimesema hiki ni kikundi cha kanisa!!

Baba Zawadi: Mwenyekiti, na jina lako silioni.

Mwenyekiti: Niko barabarani na mbao, nitaandika baadaye.

Baba Zawadi: Usijali. Mama Kendi alikuandikisha Jumatatu, kabla hata sijatangaza.