Kuku wa kienyeji Malindi: kumtambua na kumlainisha

Swali: Sokoni, kuku wa kienyeji atajulikanaje na yule wa mayai aliyezeeka? Na mbona akipikwa wa nazi haivi hata baada ya saa nzima?

Jibu: Mtazame mdomo. Kuku wa mayai wa kisasa mara nyingi hukatwa ncha akiwa kifaranga, wasidonoane. Wa kienyeji umechongoka. Kisha bonyeza ncha ya mfupa wa kidari. Ukipinda kama sikio, ni mchanga. Ukiwa mgumu kama mbao, huyo ni bibi, ingawa supu yake haifanani na ya broila wa wiki sita!

Jibu: Bibi dawa yake papai bichi. Kwaruza kijiko kimoja cha mezani kwa kilo, mpake nusu saa tu. Akilala nalo usiku kucha nyama yageuka uji. Mchemshe na tui jepesi kwa moto mdogo, saa moja na nusu au zaidi. Tui zito mwisho, sufuria wazi, ukikoroga. Likitokota kwa nguvu hukatika.

Muulizaji: Na ndimu?

Jibu: Ukishaepua. Ukali wake nao hulikata tui.