Naomba ushauri: kijana anaenda bweni, nani atamwamsha alfajiri?

Asalaam aleikum wakuu. Kijana wangu anaripoti kidato cha kwanza Januari, shule ya bweni. Tranka, ndoo na kwanja vipo tayari. Hofu yangu ni sala ya alfajiri. Nyumbani namwamsha mimi, tena namvuta shuka mara tatu. Juzi alisinzia akiwa kwenye sijda! Simu haziruhusiwi, nimemnunulia saa ya kengele, lakini wenzake wakimzomea ataizima tu. Halafu masomo karibu yote ni Kiingereza, naye msingi kasoma kwa Kiswahili. Mliopitia bweni, mlijizoesha vipi kuamka, kusali na kujisomea bila kusukumwa? Nianze kumwachia aamke mwenyewe sasa hivi, hata sala ikimpita, au namwonea?