Amplifaya ya gitaa ya tyubu: tyubu moja inakuwa nyekundu, fyuzi inaungua

Besi_Ngarenaro (Arusha)
Wakuu, salaam. Ni amplifaya ya gitaa ya Marekani, volti 120, inapitia transfoma ya kushusha umeme. Nyuma ina tyubu kubwa za nguvu, 6L6GC mbili, mbele kuna tyubu ndogo, 12AX7 na 12AT7 moja. Ukiwasha inatulia kama dakika moja, halafu spika inaanza kuunguruma, na 6L6 ya kulia bati lake la ndani linakuwa jekundu kama mkaa uliopulizwa. Ukiiacha, fyuzi ya ampea 2 inaungua. Nimezibadilishana tyubu, ya kulia nikaipeleka kushoto: wekundu umebaki kulekule kulia. Nimeshauriwa ninunue tyubu zote mpya. Ninunue?

Lehemu60_40 (Moshi)
Usinunue chochote bado. Kwa kuzibadilishana umeshajijibu: ugonjwa ungekuwa wa tyubu, ungehama nayo. Umebaki kwenye soketi, kwa hiyo tafuta kwenye saketi. Ukiweka tyubu mpya pale, nayo itaungua.

6L6 inazuiwa na volti hasi zilizoko kwenye gridi, pini ya 5. Volti hizo zikipungua, tyubu inapitisha umeme kama bomba lisilo na koki, na bati linaiva. Zingeiva zote mbili ningesema angalia ugavi wenyewe wa bayasi (hizo volti hasi), yaani diodi yake na ile kapasita ya 47 µF (hiyo chanya yake inaenda kwenye chasisi, wengi huifunga kinyume). Imeiva moja tu, basi kuna watuhumiwa watatu: kapasita inayopitisha sauti kutoka 12AT7 kwenda gridi hiyo imeanza kuvuja, resista ya kilo-ohm 220 imekatika, au pini ya 5 ya soketi imelegea haishiki.

Pima hivi: ng'oa 6L6 zote mbili, 12AT7 iache mahali pake, spika iwe imeungwa. Washa, pima DC kutoka chasisi hadi pini ya 5 ya kila soketi. Ukiitazama soketi kwa chini, pini zinahesabiwa kisaa kuanzia kwenye pengo la ufunguo. Pini ya 3 iogope, ndiyo yenye volti 400 na zaidi.

KwayaSound
Si aweke tu fyuzi ya ampea 5, Jumapili ipite?

Lehemu60_40 (Moshi)
Ndugu yangu, Jumapili itapita na transfoma ya sauti itapita nayo. Fyuzi ni bei ya karanga, transfoma utaisubiri kutoka nje ya nchi. Na wale wa kuzungushia karatasi ya sigara kwenye fyuzi, msituletee hapa.

Fundi_Sakina (Arusha)
Naongezea kabla hajafungua. Kapasita za ugavi hubaki na chaji hata plagi ikiwa imeng'olewa. Chukua resista ya kilo-ohm 10 yenye wati 10, ziba miguu yake kwa mpira, gusisha chanya ya kapasita na chasisi kwa sekunde kumi, kisha thibitisha kwa mita. Chini ya volti 10 ndiyo ushike. Mkono mmoja mfukoni.

Pia funga balbu ya nyuzi ya wati 100 mfululizo na umeme, upande wa 230V, kabla ya transfoma ya kushushia. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima. LED haifai kwa kazi hii. Siku hizi balbu za nyuzi zimeadimika. Ile nyekundu ya kulelea vifaranga ni ya nyuzi kweli, lakini ya wati 250 inaachia umeme mwingi mno kwa jaribio hili. Na vipimo vya volti usivichukue kupitia balbu, vitakudanganya.

Besi_Ngarenaro (Arusha)
Nimepima bila balbu. Pini ya 5 kushoto: −49. Kulia: −17. Resista zote mbili za 220 ni nzima.

Lehemu60_40 (Moshi)
Ni ile kapasita ya kupitisha sauti. Zima, toa chaji, fyatua lehemu ya mguu wake wa upande wa 6L6 tu, uache ukining'inia. Washa, pima DC kwenye mguu huo. Kapasita nzima itaruka kidogo kisha ishuke hadi sifuri. Ikibaki hata volti moja, imekufa.

Besi_Ngarenaro (Arusha)
+195! Na pini ya 5 kulia sasa inasoma −49 kama mwenzake.

Fundi_Sakina (Arusha)
Basi. Anodi (bati la ndani) ya 12AT7 ina volti mia mbili na kitu, zinavuja hadi kwenye gridi. Hata muungurumo unatoka hapo: 6L6 mbili zikivuta sawa, mivumo yao inafutana kwenye transfoma ya sauti, moja ikizidi, mvumo wa hezi 100 unabaki wazi. Kapasita za ugavi usiziguse kwanza.

Badilisha zote mbili, ya kulia na ya kushoto, ni za umri mmoja. Soma thamani kwenye ya zamani. Nyingi za aina hii ni 0.1 µF, mpya itaandikwa 104J 630V. Ya 400V inabana, kwa sababu ukiwasha 12AT7 ikiwa bado baridi, anodi yake inabeba volti zote za ugavi. Usipopata dukani, fungua TV mbovu ya kichogo, zimo, ila uijaribu kwanza kwa kipimo cha mguu unaoning'inia.

Pima na resista ya ohm 470 kwenye pini ya 4 ya kulia. Tyubu ikiiva, hiyo nayo huchomeka.

Besi_Ngarenaro (Arusha)
Ile ya 470 inasoma 1,300 na imebabuka. Nimeweka ya wati 5. Kapasita zote mbili mpya. Bayasi niweke ngapi? Anodi ina 440.

Lehemu60_40 (Moshi)
6L6GC inabeba wati 30. Asilimia 70 ni 21. Gawa kwa 440, unapata miliampea 48, huo ni ukomo, si shabaha. Weka resista ya ohm 1 kati ya pini ya 8 na chasisi kila upande: milivolti 1 ni miliampea 1. Lenga 35 hadi 40. Tyubu iliyoiva muda mrefu haiaminiki, itazame robo saa gizani.

Na hilo boksi la kushushia umeme: pima ohm kutoka chasisi ya amplifaya hadi pini ya ethi ya plagi ya ukutani. Mengi hayapitishi ethi kabisa.

Besi_Ngarenaro (Arusha)
39 na 36, robo saa gizani hakuna wekundu, spika imetulia. Ethi haikuwepo kweli. Nimevuta waya wake mpaka kwenye chasisi, sasa mita inasoma 0.4.