Kujaribu ujenzi wa programu kwenye OpenBSD bila kushika kwa mkono: nianzie wapi?

kipimamvua ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninatunza programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya C, ambayo hupokea vipimo vya mvua kutoka kwenye vifaa vya shambani, huvipanga kwa tarehe na kuvituma kwenye seva. Upande wa Linux sina shida: kila badiliko ninaloliingiza kwenye hazina ya msimbo hujengwa na kujaribiwa lenyewe kwenye GitHub Actions, na baada ya dakika chache ninajua kama nimeharibu kitu. Tatizo langu ni OpenBSD, mfumo endeshi wa familia ya Unix. Yuko mtumiaji anayeiendesha programu hii kwenye mfumo huo, na tangu mwaka jana ameniandikia mara tatu kwamba toleo jipya halijengeki kwake. Kila mara nimesakinisha OpenBSD kwenye mashine pepe, nikarekebisha, nikaifuta mashine ile ili nipate nafasi ya diski, na baada ya miezi miwili nikarudia kosa la aina ile ile.

Sasa ninataka kazi hii ijiendeshe yenyewe. Nilidhani ningetumia kontena kama ninavyofanya kwa Debian na Alpine, lakini sikuona kontena la OpenBSD popote. Nyumbani nina kompyuta ya mezani ya zamani yenye kumbukumbu ya GB 8, inaendesha Linux, na KVM (uwezo wa Linux wa kuendesha mashine pepe kwa kasi) inafanya kazi. Intaneti yangu ni ya bando, kwa hiyo mpango wa kupakua mamia ya megabaiti kila ninapobadilisha mstari mmoja hautanifaa, na umeme wa huku hukatika bila taarifa. Je, niweke programu ya wakala ndani ya OpenBSD yenyewe ili ipokee kazi, au ipo njia nyepesi zaidi?

chelezo_pwani amejibu:

Kontena la OpenBSD usilitafute tena, kwa sababu haliwezekani kwenye kompyuta yako. Kontena huazima kerneli ya mwenyeji, na mwenyeji wako ni Linux; ndani ya kontena la Debian mna mafaili ya Debian tu, wala hamna mfumo mzima. OpenBSD ina kerneli yake na maktaba yake ya C, na hizo mbili hutolewa pamoja na hutegemeana, hivyo ni lazima pawe na mashine pepe kamili mahali fulani. Kinachobaki kuamuliwa ni mashine hiyo ikae wapi.

Kwa kuwa tayari unatumia GitHub Actions, njia fupi ni kubaki huko huko. Mashine ambazo GitHub huzitoa zenyewe ni za Linux, Windows na macOS, lakini kuna hatua ya ziada iitwayo vmactions/openbsd-vm ambayo huwasha QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, ndani ya mashine ya Linux, hunakili msimbo wako humo, huendesha amri ulizoandika, kisha huzima. Mradi mwingine, cross-platform-actions, hufanya kazi hiyo hiyo na umejumuisha pia FreeBSD, NetBSD na hata Haiku. Bando lako haliguswi, maana upakuaji wote hufanyika upande wao. Ukizitumia, taja toleo kwa alama yake kamili ya git badala ya jina la tawi, kwa kuwa ni msimbo wa watu wengine unaokimbia mbele ya hazina yako.

Kasoro ninayoiona ni kwamba jaribio likishindwa, mashine hufa nalo, nawe unabaki na logi peke yake. Katika hilo builds.sr.ht ni bora: ina picha za OpenBSD zilizo tayari, na kazi ikishindwa hukuachia mlango wa SSH (njia salama ya kutoa amri kwenye mashine ya mbali) kwa muda ili uingie ujionee, ila ni huduma ya kulipia.

fundi_qcow amejibu:

Aliyosema chelezo_pwani ni sahihi, lakini mwenye KVM mezani kwake hana sababu ya kuanzia mbali.

Nianze na wakala, kwa sababu hapo ndipo wengi hujitwisha mzigo usio wao. Programu ya wakala ya GitHub imejengwa juu ya .NET na haitolewi kwa OpenBSD. Wakala wa Jenkins anahitaji Java, na wa Buildbot anahitaji Python; wote wawili unaweza kuwaendesha humo, lakini utakuwa umeijaza mashine ya majaribio vitu ambavyo mtumiaji wako hana, na siku moja jaribio litapita kwa sababu ya kitu kilicholetwa na wakala. Mwache Linux awe msimamizi, na OpenBSD apokee amri kwa SSH tu. OpenSSH imezaliwa ndani ya mradi huo huo wa OpenBSD, kwa hiyo imo tangu usakinishaji.

Sakinisha mara moja kwa autoinstall. Kisakinishi cha OpenBSD kinaweza kusoma faili la majibu kutoka seva ya HTTP, lenye mistari ya kawaida kama `System hostname = jaribio` na `What timezone are you in = Africa/Dar_es_Salaam`, pamoja na ufunguo wako wa SSH. Unaweza kuona kwamba kujibu maswali yale kwa mkono ni dakika tano tu, na ni kweli, ila OpenBSD hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita na hurekebisha matoleo mawili ya mwisho pekee, 7.7 ilipotoka Aprili 2025, 7.5 iliachwa. Utarudia usakinishaji huu mara mbili kwa mwaka maadamu programu yako ina watumiaji, kwa hiyo liweke faili hilo ndani ya hazina ya msimbo.

Baada ya kusakinisha, weka vifurushi vyote unavyohitaji kwa `pkg_add`, ili visipakuliwe tena. Zima pia `library_aslr` kwa `rcctl`: kila inapowaka, OpenBSD huunganisha upya maktaba zake kwa mpangilio wa kubahatisha kwa ajili ya usalama, jambo jema kwenye seva, lakini kwenye mashine itakayoishi dakika mbili ni kupoteza muda. Kisha izime kwa `halt -p` na ulifanye faili la diski liwe la kusomwa tu. Hilo ndilo msingi wako. Kila jaribio huanza kwa tabaka jipya juu yake:

```
qemu-img create -f qcow2 -b msingi-77.qcow2 -F qcow2 kazi.qcow2
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2048 \
  -drive file=kazi.qcow2,if=virtio \
  -netdev user,id=n0,hostfwd=tcp:127.0.0.1:2222-:22 \
  -device virtio-net-pci,netdev=n0 \
  -display none -serial file:mashine.log -daemonize
# subiri SSH ijibu, kisha:
git archive HEAD | ssh -p 2222 jaribio@127.0.0.1 \
  'mkdir kazi && cd kazi && tar xf - && sh jenga.sh'
```

Maandishi yote huingia kwenye `kazi.qcow2`, na msingi hauguswi. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, futa tabaka uanze upya. Hakuna `fsck` (ukaguzi wa diski) ya kusubiri wala diski ya kuhofia.

Kuna mtego kwenye ule mstari wa kusubiri, na ulinila jioni nzima. QEMU hupokea miunganisho ya porti 2222 tangu sekunde ya kwanza, hata kabla OpenBSD haijaanza kuwaka, kwa hiyo ukipima kwa `nc`, amri ya kujaribu porti, utaambiwa mlango uko wazi ilhali ndani hamna mtu. Njia ya uhakika ni kurudia `ssh` yenye amri tupu kama `true`, ikiwa na `ConnectTimeout` fupi, mpaka irudishe sifuri. Angalia pia namba inayorudishwa na jaribio lenyewe: `ssh` hupitisha namba ya amri iliyoendeshwa upande wa pili, ila muunganisho wenyewe ukivunjika hurudisha 255. Ukitenganisha hizo mbili, hutamlaumu mwandishi wa msimbo kwa kosa la mashine.

Nimetumia `git archive` kwa makusudi. Inatuma yale tu yaliyosajiliwa kwenye git, hivyo faili ulilosahau kuliongeza litaonekana mara moja. Na usiache `f -` kwenye `tar`, kwa sababu `tar` ya OpenBSD isipopewa jina la faili bado hutafuta utepe wa sumaku kama zamani.

shoka_kali amejibu:

Ninaunga mkono mpango wa fundi_qcow, isipokuwa pale aliposema "weka vifurushi vyote unavyohitaji". Nimeona miradi mingi ikisakinisha bash, gmake na coreutils za GNU ndani ya mashine ya majaribio, kila kitu kikapita, kisha mtumiaji mwenye OpenBSD ya kawaida akakwama kwenye mstari wa kwanza. Umeijaribu Linux iliyovaa kanzu ya OpenBSD.

Ndugu kipimamvua, ninabashiri kwamba malalamiko yako matatu yalikuwa miongoni mwa haya. Skripti inayoanza na `#!/bin/bash` haitaendeshwa, kwa sababu bash haimo kwenye mfumo wa msingi, na hata ikisakinishwa hukaa `/usr/local/bin`. Makefile yenye `ifeq` au `$(shell ...)` haitaeleweka, kwa kuwa `make` ya huko si ya GNU, hapo una hiari ya kuandika Makefile inayokubalika pande zote mbili, au kutangaza wazi kwamba gmake ni sharti. Kompaila ya mfumo haitafuti `/usr/local/include` bila kuambiwa, nako ndiko vichwa vya maktaba zote za ziada viliko. Na kama unatumia autotools, zana za GNU za kuandaa ujenzi, itakudai `AUTOCONF_VERSION` na `AUTOMAKE_VERSION` kabla haijafanya lolote. Programu inayojitafuta kupitia `/proc/self/exe` nayo isahau: OpenBSD iliondoa procfs, yaani saraka ya `/proc` yenye taarifa za michakato, tangu 5.7.

Hayo yote ni ya kujenga. Usiishie hapo, endesha na majaribio yako, tena kwa `MALLOC_OPTIONS=S`. Mgao wa kumbukumbu wa OpenBSD ni mkali: hujaza takataka kwenye kumbukumbu iliyoachiliwa ili anayeigusa baadaye aumbuke papo hapo. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya kujisumbua na mfumo huu, hata kama una mtumiaji mmoja tu. Ukiona kielekezi chenye thamani ya `0xdfdfdfdfdfdfdfdf` ndani ya egdb (kitatuzi cha GNU cha kuchunguza programu), usiulaumu mfumo. Umekisoma kitu ulichokwisha kukiachilia.

kipimamvua ameandika tena:

Shukrani kwenu nyote. Nimefuata njia ya fundi_qcow na nimeheshimu onyo la shoka_kali: ndani ya msingi nimeweka kifurushi kimoja tu, maktaba ya JSON ambayo programu inaihitaji, na Makefile nimeiandika upya bila vionjo vya GNU. Imekuwa fupi kuliko ya awali, na Linux haikulalamika.

Jaribio la kwanza halikufika mbali. Nilikuwa nikichapa `time_t` kwa `%ld`, na kwenye OpenBSD `time_t` ni `long long`, kwa hiyo clang ilitoa onyo, na kwa kuwa nilikuwa nimewasha `-Werror`, onyo likawa kosa. Nimebadili kuwa `%lld` yenye ubadilishaji wa aina mbele yake. Nadhani ndilo lililomkwamisha mtumiaji wangu mara ya mwisho, na ninaona haya kwamba nilimjibu aangalie kompaila yake.

Jaribio la pili lilijenga, kisha programu ikaanguka kwenye kipimo cha tatu. Kielekezi kilikuwa kimejaa `df` kama alivyotabiri shoka_kali: orodha ya vituo nilikuwa ninaiachilia, kisha ninasoma jina la kituo cha mwisho kwa ajili ya logi. Kwenye Linux msimbo huo umekuwa ukifanya kazi, au niseme umekuwa ukionekana unafanya kazi, kwa zaidi ya mwaka.

Sasa kila ninaposukuma badiliko, hook ya git (skripti inayoitwa na git yenyewe) kwenye kompyuta ya nyumbani huwasha mashine, hujenga, hujaribu na kufuta tabaka, na sipakui chochote. Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, niache `-Werror`? Na je, nijaribu pia zile snapshoti za toleo linaloendelezwa, au matoleo rasmi yanatosha?

shoka_kali amejibu:

Iache kwenye majaribio yako, iondoe kwenye Makefile anayopewa mtumiaji. Wewe unataka kuliona onyo. Yeye anataka programu. Kompaila mpya ya mwaka kesho italeta maonyo mapya, na hayapaswi kumzuia mtu asiyeujua msimbo wako.

fundi_qcow amejibu:

Snapshoti zijaribu mara moja kwa wiki, usiku, lakini zisizuie badiliko lolote kuingia. Hubadilika karibu kila siku, na vifurushi vyake wakati mwingine huchelewa nyuma ya mfumo wenyewe, hivyo kushindwa kwake mara moja hakuna maana. Kukishindikana wiki mbili mfululizo kwa kosa lile lile, lifuatilie kabla halijageuka toleo rasmi. Kwa bando lako ningesema hata mara moja kwa mwezi inatosha, kwa sababu hapo kuna upakuaji kila mara. Ukiona kompaila imekufa kwa kukosa kumbukumbu ilhali mashine ina GB 2, angalia kwanza `/etc/login.conf`: daraja la `default` lina kikomo cha kumbukumbu kwa kila mchakato, na mtumiaji wako `jaribio` huenda anahitaji kuhamishiwa daraja la `staff`.