Mrejesho: viatu na mabuibui mlangoni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Kabla ya masika niliwauliza nitaweka wapi viatu, mabuibui na makoti ya mvua, maana nyumba yangu ya Mji wa Kale mlango ukifunguka tu umeshaingia sebuleni.

Misumari ilinishinda. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kila msumari ulitoka na kipande cha lipu. Fundi akafunga ubao mrefu kwa skrubu ndefu, kulabu akazitia kwenye ubao. Uzito umegawanyika, haujatikisika mpaka leo. Kulabu mbili ziko chini, za watoto.

Kwenye viatu nilikosea. Nilinunua sanduku lenye mfuniko, na wiki mbili za mvua zikatosha: viatu vya ngozi vya mume wangu vikaota ukungu. Dada uliyesisitiza rafu ya wazi, ulisema kweli, ahsante sana. Seremala ameniundia ya tabaka tatu, mbao zimeachana hewa ipite. Champali zinakaa chini kabisa. Buibui lililolowa tunalianika kwanza, ndipo litundikwe.

Miamvuli bado iko kwenye ndoo.