Gumzo la ukoo: Neema anakwenda Guangzhou

JUMANNE JIONI

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Tiketi ya mtoto imetoka. Kesho uwanja wa Kilimanjaro (KIA) 17:20, Addis Ababa 19:45. Halafu Addis 23:40, Guangzhou 14:30 Alhamisi. Nimehesabu hiyo ya pili naona karibu saa 15. Mtoto akae hewani saa 15? Nimeishiwa nguvu.

Bibi: Marahaba mwanangu. Ni wapi huko?

Neema: China, bibi, kusini. Kutoka Addis ni kama kilomita 8,000.

Shangazi: Eeh Bwana!

Baba Mdogo: Shemeji, tulia. Umechanganya saa za nchi mbili. 23:40 ni ya Addis, na saa za Addis ni sawa na zetu. 14:30 ni ya China, wao wametutangulia saa 5. Toa hizo 5. Zinabaki saa 9 na dakika 50.

Shangazi: Si ndiyo basi la Dar hilo!

Baba Mdogo: Ndiyo. Sisi Moshi hadi Dar, kilomita 550 na ushei, tunakaa kutwa barabarani. Yeye muda huohuo anavuka Bahari ya Arabu na India hadi China.

Mama Neema: Na kurudi? Hapa naona anatoka 00:10, Addis 06:30. Mbona saa 6 tu?

Baba Mdogo: Hapo unaongeza 5. Ni saa 11 na dakika 20. Upepo wa juu kabisa unavuma kutoka magharibi. Akienda unamsukuma, akirudi ndege inapigana nao.

Bibi: Hiyo 17:20 ni saa ngapi ya kwetu?

Baba Mdogo: Toa sita, mama. Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Saa nane mchana awe ameshaingia uwanjani, kwa hiyo saa saba gari liwe limetoka Moshi. Nasisitiza hili kwa sababu lilinikuta. Mwaka juzi tiketi iliandikwa 05:10, nikasoma saa tano. Nimefika pale saa tatu asubuhi na begi langu, ndege imeondoka tangu alfajiri. Nilikaa kwenye benchi nimeikunja ile karatasi mkononi mpaka jasho likafuta wino.

Shangazi: Pole sana kaka. Hukuwahi kutuambia.

Neema: Baba mdogo, nasikia hata Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, asubuhi inaanza saa moja. Ila kwenye tiketi ni hizi za kimataifa.

Neema: Mama, WhatsApp kule imefungwa. Nimemwekea dada WeChat, nitaandika huko.

ALHAMISI ASUBUHI

Mama Neema: Saa tatu na nusu imepita. Kimya.

Baba Mdogo: Ndiyo kwanza anatua, shemeji. Kwao sasa ni saa nane na nusu mchana. Kuna foleni ya pasipoti, halafu mizigo.

Mama Neema: Saa nne hii.

Bibi: Nimeshika rozari.

Dada: AMEANDIKA! Nanakili: "Mwambieni mama nimefika. Mwambieni na bibi kahawa yake imepita salama, begi zima linanukia Kibosho."

Bibi: Asante Mungu wangu.

Mama Neema: Mwambie ale kwanza. Halafu asilale sasa hivi, avumilie mpaka giza la huko liingie.